Sahani ya Nag Pancham hapa Tabora: uwele, samli, sukari guru na nyoka wa ukutani

Niseme mapema, hii ndo sahani nzuri kuliko zote za mboga tupu nilizokula Tabora mjini, na inapatikana siku chache tu kwa mwaka, ukizubaa unasubiri mpaka mwakani. Nazungumzia kile kimgahawa cha Kihindi cha mboga tupu kule katikati ya mji, sio mbali na soko kuu, chenye meza chache na feni moja juu, familia ya Kigujarati ndo wanakiendesha, wazee wao walitokea upande wa Jamnagar kule Gujarat, India, na hawa wa sasa wamezaliwa hapahapa. Jina silitaji maana wenyewe wameniomba nisilitaje, hawataki mambo ya mitandaoni. Ila mwambie bodaboda akupeleke kwa Bibi wa chapati za uwatu, atakufikisha.

Siku za kawaida watu wanakwenda pale kwa kachori, bhajia na chai ya maziwa yenye tangawizi, na hivyo vyote ni vizuri, sina la kuongeza. Mimi nataka kusema kuhusu wiki ya Nag Pancham, kwasababu naona wateja wengi wanaingia siku hiyo, wanakuta jikoni kumepoa, hakuna bhajia za moto, ukutani pamechorwa nyoka, wanashtuka wanageuza. Jamani msigeuze. Kaeni chini muagize.

Kwa asiyejua, Nag Panchami ni sikukuu ya Wahindu ya kuwaheshimu nyoka, hasa fira, yule anayetanua shingo. Inaangukia siku ya tano ya nusu ya mwezi wao wa Shravan, huwa ni Julai au Agosti. Sasa hapa ndo watu wanachanganyikiwa, sehemu kubwa ya India wanafanya kwenye nusu ile mwezi unapokua, mwaka 2025 ilikuwa tarehe 29 Julai, lakini Wagujarati wanafanya nusu ile mwezi unapopungua, siku tatu kabla ya Janmashtami ambayo ni sikukuu ya kuzaliwa kwa mungu wao Krishna, na wao wanaiita Nag Pancham. Kwahiyo ukisoma kwenye simu kwamba leo ni Nag Panchami ukakimbilia kwa Bibi utakuta kachori za kawaida, hesabu yake yeye bado wiki mbili na kitu. Muulize mwenyewe, usiamini simu.

Haya, sahani. Ni ile ya stili yenye vyumba, na kila kitu juu yake ni cha baridi au hakijapita motoni siku hiyo. Kuna choroko zilizoota, zimelowekwa na kufungwa kwenye kitambaa mpaka zimetoa vimkia, zimetiwa chumvi, ndimu na pilipili kidogo. Kuna mtindi mzito. Kuna kikombe cha chaas, mtindi mwepesi uliotiwa maji, chumvi na jira, kwa jua la Tabora la Agosti na lile vumbi hicho kikombe peke yake kinatosha kukutoa nyumbani. Kuna achari ya embe. Na kuna kuler.

Kuler ndo yenyewe, hapa naomba mnivumilie nikae kidogo. Ni unga wa uwele mbichi, haujapikwa kabisa, unachanganywa na samli na sukari guru iliyopondwa, unafinyangwa kwa mkono kuwa vidonge vya ukubwa wa ndimu. Basi. Hakuna kingine, hakuna iliki, hakuna moto. Ukiweka mdomoni kwanza inakuja harufu ya samli, alafu utamu wa guru ambao una moshi kwa mbali, alafu mwisho kabisa uwele unabaki kwenye ulimi na ile ladha yake ya shambani ambayo sisi tuliokua na ugali wa uwele na mtama tunaijua vizuri lakini hatujawahi kuipata kwenye kitu kitamu. Mimi nilikuwa najua uwele kwa uji na ugali na pombe, yani kuukuta kwenye kitu cha sikukuu, kimewekwa mbele ya Mungu wao kwa heshima zote, nilifurahi sana na sijaona sababu ya kuficha hiyo furaha.

Na siri ya kuler yake ni kwamba unga unasagwa asubuhi ileile. Anayejua uwele anaelewa, punje ina mafuta mengi, unga ukikaa siku kadhaa hasa kwenye joto unaanza kuwa mchungu na kunuka, ndo maana zamani mama zetu walikuwa wanasaga wa kutosha siku moja mbili tu. Kwenye ugali unaweza ukaficha huo uchungu na mboga, kwenye kuler huwezi kuficha kitu maana haipiti motoni. Bibi anaagiza uwele kutoka Singida, anaupepeta mwenyewe uani, anampa kijana anapeleka mashineni alfajiri kabla mashine haijachafuka na mahindi. Samli wanatengeneza wenyewe kwa siagi ya maziwa ya hapahapa. Huo uangalifu unausikia mdomoni.

Mwaka huu wameleta na kuler nyingine ya asali ya Tabora badala ya guru. Nimeelewa nia yao, asali yetu ya miyombo ni nzuri na inajulikana nchi nzima, lakini hapa naona haikai, inafanya kidonge kilegee, kinashika vidole, na ile asali nyeusi inaufunika uwele wote usisikike. Chukua ya guru. Asali wanunulie nyumbani.

Sasa ukutani. Pale pembeni ya mlango wa jikoni kuna mtungi wa maji ya kunywa, na juu yake siku hiyo Bibi anachora nyoka kwa rangi, wamesimama wametanua shingo, amewatundikia uzi wa pamba wenye madoa mekundu, na chini ameweka kitaa cha udongo kinachowaka kwa samli, choroko kidogo, kuler na maziwa kwenye kibakuli. Wagujarati wengi ndo wanavyofanya, wanachora nyoka ukutani pale mahali pa kuwekea mitungi ya maji, mwanamke wa nyumba ndo anayeongoza, haihitaji hekalu kubwa wala kuhani. Nepal nako siku hiyo wanabandika picha za nyoka juu ya mlango wa nyumba. Nimemuuliza kwanini pale kwenye maji, akaniambia, mwanangu, nyoka na maji hawaachani, na nyumba isiyo na maji sio nyumba. Hilo jibu limenitosha, na kwa mji huu ambao kiangazi tunajua shida ya maji nadhani litamtosha na mwingine.

Bibi ukimkuta ametulia atakuhadithia, na hii kwangu ni sehemu ya sahani ingawa hailipiwi. Anakuamkia kwanza "mwangaluka" kama Mnyamwezi yeyote, alafu anavuta kiti. Hadithi anayoipenda ni ya mke wa mtoto wa mwisho. Palikuwa na wana saba wa nyumba moja, wake saba, na yule mdogo kabisa hakuwa na kwao, hana baba hana kaka, basi wenzake wakawa wanamsimanga kila siku, wao wakienda kwao wanarudi na zawadi yeye hana pa kwenda. Akapata mimba, akatamani kheer, ule wali wa maziwa na sukari, lakini nyumbani alichopata ni makoko ya sufuria tu, akayakwangua akayaficha chini ya mti penye shimo ili akaoge kwanza ndo aje ale. Nyoka jike mwenye mimba naye akatoka akala yote. Yule mke kurudi anakuta chombo kitupu. Na badala ya kulaani akasema aliyekula na tumbo lake lipoe, labda naye alikuwa na shida kama yangu. Nyoka aliyekuwa amejificha akisubiri kumuuma kama angelaani, akatoka akamwambia kuanzia leo sisi ndo kwenu. Na siku ya sherehe ya mimba ukoo mzima wa nyoka ukaja kwa sura ya watu na zawadi kuliko za wake wote sita.

Nimesikia hadithi nyingi za nyoka hapa kwetu na nyingi mwisho wake ni fimbo. Hii mwisho wake ni undugu. Na ndo maana kwa wanawake wengi wa Kihindu siku hiyo nyoka anachukuliwa kama kaka, wanafunga na kuwaombea kaka zao, na ndo maana chakula chenyewe ni cha baridi, tumbo lipoe. Ukishaijua hiyo hadithi, kula choroko za baridi sio tena suala la jikoni kutowashwa.

Yule kijana wa kaunta, mjukuu wake, yeye anapenda zile za vitabuni. Alinieleza kwamba kwenye Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa Wahindu, kuna mfalme Janamejaya, baba yake Parikshit aliuawa na nyoka anaitwa Takshaka, basi mfalme akawasha moto mkubwa wa kafara wa kuwamaliza nyoka wote duniani, wakawa wanavutwa kwa dua wanaangukia motoni mmoja mmoja, mpaka akatokea kijana mwanachuoni Astika, mama yake ni wa ukoo wa nyoka, akamwomba mfalme asimamishe na akasimamisha. Watu wanasema siku ile moto ulipozimwa ndo hiyo siku ya tano ya Shravan. Alafu kuna nyoka Vasuki anayekaa shingoni kwa mungu Shiva, kuna Shesha ambaye mungu Vishnu analala juu yake, kuna Kaliya aliyekuwa akitia sumu mto Yamuna mpaka Krishna akampanda kichwani akacheza, akamwacha hai akamwambia ahame. Kila mmoja na tabia yake, wengine wema wengine wakali, ila hakuna anayemalizwa. Hilo ndo lililonishika.

Na ukiangalia kwa jicho la mkulima inaeleweka kabisa. Shravan kule India ni katikati ya masika yao, mvua inajaza mashimo, nyoka wanatoka wanatafuta pakavu, wanaingia majumbani na mashambani, na hapohapo watu wako shambani pekupeku. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 watu milioni 1.2 walikufa India kwa kuumwa na nyoka, karibu 58,000 kwa mwaka, wengi vijijini, na karibu nusu ya vifo ni Juni mpaka Septemba, yani miezi hiyohiyo. Huku nyoka huyohuyo ndo anayekula panya wanaomaliza nafaka ghalani. Kwahiyo siku hiyo sehemu nyingi hawalimi, hawachimbi ardhi, jembe halishikwi, wasije wakamkata nyoka shimoni. Kuna hadithi ya mkulima aliyewaua watoto wa nyoka kwa plau bila kujua, mama yao akaja usiku kulipiza. Jimbo la Maharashtra wanawake hata kisu hawashiki siku hiyo na kikaango hakiwekwi motoni.

Kwetu Tabora Agosti ni kiangazi kikavu, mvua mpaka Novemba huko, kwahiyo ile sababu ya mvua haipo, na nilimuuliza Bibi kama haoni ajabu kuadhimisha sikukuu ya masika kwenye vumbi. Akasema baba yake alikuwa na shamba nje ya mji na siku hiyo alikuwa anawapa vibarua mapumziko na chakula, wasichome wala wasichimbe. Agosti ndo wakati watu wanachoma mapori na kuandaa mashamba, nyoka wanakimbia moto na wengine wanafia humohumo. Kwahiyo hata bila mvua siku yake ina kazi hapa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndo linaipandisha hii sehemu juu, na naliandika kwa herufi nzito moyoni ingawa hapa siwezi kukoleza. Hapa hakuna nyoka hai. Hata siku moja. Watu wengine wanauliza, tena wanakwenda kwa matumaini ya kuona fira akinyweshwa maziwa kama kwenye video, na Bibi anawajibu kwa upole kabisa kwamba nyoka yuko ukutani na anatosha.

Kwanini nalisema kwa nguvu, ni kwasababu ile picha ya nyoka anakunywa maziwa ina mateso nyuma yake. Nyoka anakula nyama, maziwa sio chakula chake na mwili wake hauwezi kuyameng'enya. Wale wanaoonekana wanakunywa ni kwamba mchezeshaji amewanyima maji muda mrefu kabla ya sikukuu, kiumbe mwenye kiu ya namna hiyo atakunywa chochote. Wengi wameng'olewa meno, wengine wameshonwa mdomo, wakishalazimishwa maziwa wanaugua na wanakufa baada ya sikukuu. Yani siku ya kumheshimu ndo inakuwa siku ya kumuua. India wenyewe wameliona, sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 1972 inakataza kuwakamata na kuwafuga hawa nyoka. Kijiji cha Battis Shirala huko Maharashtra kilikuwa maarufu kwa kukamata fira wa porini na kuwapitisha mitaani siku ya Nag Panchami, mahakama kuu ya Bombay ikazuia, na watu wa dini wengi tu wakaunga mkono wakasema tumieni sanamu, tumieni udongo, tumieni picha.

Na kumbe picha na sanamu ndo utamaduni mkubwa zaidi kuliko hizo video. Mannarasala huko Kerala, kusini mwa India, ni hekalu la nyoka lenye maelfu ya sanamu za mawe ndani ya msitu mdogo, na anayeongoza ibada ni mwanamke. Misitu kama hiyo Kerala iko mingi, watu wanaacha kipande cha ardhi kisikatwe mti wala kisilimwe kwa ajili ya nyoka, nyoka wanakaa zao humo bila kuguswa na mtu. Ujjain kuna hekalu la Nagchandreshwar, liko ghorofani ndani ya hekalu kubwa la Mahakaleshwar, linafunguliwa siku moja tu kwa mwaka, siku ya Nag Panchami, watu wanapanga foleni usiku kucha kuiona sanamu ya jiwe. Na hukohuko Gujarat, Bhuj, kuna kilima kina ngome na hekalu dogo la nyoka juu yake, watu wanapanda siku hiyo na gulio linafanyika. Bibi anakijua kwa picha tu, kaniambia hajawahi kufika, na anatamani.

Sisi wa Unyamwezi hatuwezi kushangaa mtu kumheshimu nyoka, tuna Wayeye. Chama kizima cha watu wa nyoka, wenye ngoma yao, dawa zao, na miiko ya jinsi ya kumshika, na Wasukuma nao wanao, ukienda Bujora Mwanza wakati wa Bulabo, ile sikukuu yao ya ngoma, utaona watu wanacheza na chatu mabegani. Sisemi ni kitu kimoja na Nag Pancham, sio. Myeye anamjua nyoka kwa mikono yake na kazi yake ni pamoja na kuwasaidia walioumwa, Bibi anamchora tu. Ila nilimpeleka mzee mmoja jirani yangu ambaye ujanani alikuwa kwenye ngoma hiyo, akakaa, akala kuler yake taratibu, akamwangalia yule nyoka wa ukutani akasema amekosea mkia ila shingo amepatia. Bibi akamwuliza akosoe wapi, wakaanza hapo maongezi marefu ya fira wa kwao na swila wa kwetu anayetema mate, nani anakaa kichuguu, nani anapanda paa, mimi nikabaki nasikiliza tu. Kwa hicho kikao peke yake ningelipa mara mbili.

Kuna suala wengine wameniuliza inbox kwahiyo ngoja nilijibu hapa, je chakula ni cha kafara, Muislamu au Mkristo anaweza kula. Wao wana utaratibu mzuri. Kile kilichowekwa pale chini ya mchoro ni prasad, yani chakula kilichotolewa kwenye ibada, kiko kwenye kisahani chake na kinabaki cha familia na wenzao wa dini, na mteja akitaka mwenyewe ataomba. Sahani zinazouzwa zinapakuliwa jikoni kwenye sinia jingine ambalo halijapita pale. Kijana anakuuliza kabla hajakupa, na ukisema hapana hakuna anayekununia. Niliona kina mama wawili wa baibui wameuliza wakaelezwa wakala wakafungiwa na za nyumbani. Mimi naona huo ndo ustaarabu, kila mtu anabaki na yake na chakula kinaliwa.

Kasoro zipo na nazisema kwasababu napapenda. Moja, hakuna maelezo yoyote yaliyoandikwa. Mteja anaingia, anakuta nyoka ukutani na jiko la baridi, na kijana akiwa na foleni hana muda wa kueleza. Karatasi moja tu ya Kiswahili pale mlangoni, leo ni siku fulani, chakula chetu ni hiki, nyoka ni mchoro, ingependeza na watu wasingegeuza. Ubao wa menyu nao una majina ya Kigujarati tupu, nani atajua kuler ni nini. Pili ni vifungashio. Wanakufungia kuler kwenye mfuko wa karatasi na samli inapenya mpaka inalowanisha mkoba, mifuko ya plastiki tumeshapigwa marufuku tangu 2019 na hilo ni sawa kabisa, ila basi waweke vikontena wauze hata mia tano. Nenda na chombo chako. Tatu, wanaanza kuhudumia mapema na vitu vinaisha kabla ya saa saba mchana, na wale wafanyakazi wa maofisini wanaotoka saa saba na nusu wanakuta choroko tu. Kidogo waongeze unga. Na nne, ni ya kwangu tu labda, achari ni kali mno kwa sahani ambayo nia yake ni kupoza, inakatisha ladha ya kuler, mimi naisogeza pembeni.

Bei mwaka huu sahani nzima ilikuwa 8,000, kuler peke yake 700 kwa kidonge. Kuna wanaosema ni ghali kwa uwele. Piga hesabu ya samli halisi, sio ile ya kopo, alafu niambie. Mimi nalipa bila manung'uniko.

Ukiweza usiishie siku hiyo moja. Kesho yake ni Randhan Chhath, siku ya kupika, na hapo jiko linafanya kazi kutwa, thepla, zile chapati zenye majani ya uwatu, vitumbua vyao vya unga wa uwele vya kukaanga, puri, mumunye, sukhdi ya unga wa ngano na guru. Usiku jiko linasafishwa linaachwa lipoe. Keshokutwa ni Shitala Satam, haliwashwi kabisa, wanakula vya jana kwa heshima ya Shitala, mungu wa kike wanayemwomba awakinge na ndui na magonjwa ya homa. Thepla iliyolala na mtindi, asubuhi, ni tamu kuliko ya moto, na hapa sibishani na mtu. Siku hiyo hawauzi chai, tahadhari kwa wale ambao bila chai hawaamki.

Huduma yao nawapa nyota nne na nusu kati ya tano, nusu imebaki kwenye karatasi ya mlangoni na vifungashio, na chakula tano kamili. Kwa mwaka 2026 kalenda yao ina mwezi wa nyongeza kwahiyo sikukuu zote zinachelewa, Janmashtami inaangukia tarehe 4 Septemba, hivyo Nag Pancham ya Bibi itakuwa mwanzoni kabisa mwa Septemba, pita wiki moja kabla umuulize siku kamili na uweke oda ya kuler kwa mdomo, hawapokei za simu. Na ukienda na mzee anayejua nyoka, kaeni meza ile ya karibu na mtungi.